Kabla Hujatafuta Wafuasi, Anza na Daftari

Wiki iliyopita dada mmoja, fundi cherehani mwenzangu wa Mbagala, aliniandikia hivi: "Shikamoo dada. Nataka nianze kuposti kazi zangu. Kwa sasa mtandao gani ndio wa kutegemea? Naogopa nisije nikajenga sehemu halafu watu wote wakahama." Nilimjibu kwa kifupi nikiwa kazini, lakini swali lake limenikaa kifuani, na najua si lake peke yake. Ninyi mnaonisoma mnataka kile kile ninachokitaka mimi: kazi ya mikono yako ijulikane, wateja wakutafute wenyewe, upate fremu yako, na siku moja uwe na mafundi na wanafunzi chini yako. Kwa hiyo leo nalijibu kwa urefu.

Watu watahama. Hilo usilitilie shaka. Sisi wa rika langu tulikuwa hi5, tukahamia Facebook, wenye simu za BlackBerry wakawa wanapeana pini za BBM, huduma yao ya kutumiana ujumbe, na maofisini kuna watu walikuwa hawaanzi kazi kabla hawajapita Blogu ya Michuzi. Mwaka 2019 peke yake, Google+ ilifungwa Aprili, BBM ya watu wa kawaida ikafungwa mwisho wa Mei, na MySpace ikakiri kwamba nyimbo walizopakia watu katika miaka yake 12 ya mwanzo zimepotea. Kwa hiyo ukiniuliza mtandao upi utadumu, sina jibu na silitafuti. Mimi nakuuliza: siku ukiondoka hapo ulipo, utaondoka na nani?

Swali hilo nilifundishwa kabla sijawa na simu ya kupangusa. Mzee aliyenifundisha kukata alikuwa na kaunta buku nene, jalada limechakaa, limeshikwa na utepe wa gundi. Kila mteja alikuwa na ukurasa wake. Jina, namba ya simu, bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, na pembeni maneno ya mzee mwenyewe: "hapendi kubanwa kwapani", "bega la kushoto limeshuka kidogo", "anataka mfuko hata kwenye gauni". Fremu alizokuwa anashonea hazikuwa zake. Kodi ya Kariakoo ikipanda, anahama. Nimemwona akitoka Mtaa wa Aggrey, akaenda Sikukuu, akaishia Narung'ombe ghorofa ya pili ambako hata kibao chake hakikuonekana kutoka barabarani. Kila akihama alikaa na lile daftari akapiga simu ukurasa kwa ukurasa, na wateja wakaja na vitambaa vyao. Mteja ambaye bega lake limeandikwa pale hakuwa na sababu ya kutafuta fundi mwingine.

Nami nikalichukua somo hilo nikaingia nalo mtandaoni. Ukurasa wangu wa mafunzo ya kukata na kushona ulifika wafuasi zaidi ya elfu sitini. Niliujenga kwa kurekodi usiku baada ya kufunga kazi, simu nimeiegemeza kwenye jora la kitenge, feni nimezima ili isiingie kwenye sauti, jasho linanitiririka. Nilikuwa na mafundi wa Tabora, Mtwara na Pemba, na Watanzania walioko Oman waliokuwa wanashona nyumbani baada ya kazi zao. Nilijibu maswali mpaka saa sita usiku, na sijutii hata moja.

Asubuhi moja nikakuta ukurasa umefungiwa. Ujumbe ulisema nimekiuka miongozo. Ipi? Hawakusema. Video yangu ya mwisho ilikuwa ya kupachika zipu. Nikakata rufaa humo humo ndani ya programu, jibu likarudi haraka mno kuwa la binadamu: uamuzi umebaki pale pale. Hakuna ofisi ya kwenda kupanga foleni, hakuna karani wa kumweleza shida yako akakuonea huruma. Kabla wiki haijaisha, mtu akafungua ukurasa mwingine kwa jina langu na picha zangu, akaanza kukusanya ada za darasa. Mama mmoja wa Morogoro alinipigia akaniita mwizi. Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Neno lile linaniuma mpaka leo ninapoandika. Na zilikuwepo kurasa kubwa zilizokuwa zikichukua video zangu kila mara, zinafuta jina langu, zinaposti kama zao. Siku ile hakuna hata moja iliyoandika mstari mmoja kuwaambia watu kwamba yule anayechangisha si mimi.

Kilichoniokoa ni kaunta buku. Kila aliyewahi kulipia darasa langu nilikuwa nimemwandika: jina, namba, alipo, anashona nini, anakwama wapi. Wenzangu waliona napoteza muda, eti mambo yote siku hizi yako kwenye simu. Jioni ile nikaanza kutuma SMS, mmoja baada ya mwingine. Ukurasa umefungwa, anayeomba pesa kwa jina langu ni tapeli, darasa linaendelea. Niliowafikia walikuwa wachache sana ukilinganisha na wale elfu sitini, lakini ndio waliokuwa wanalipa ada, wananunua karatasi zangu za kukatia na kuleta wadogo zao. Darasa lililofuata lilijaa. Nalisema hili kwa kujivunia, na nina haki ya kujivunia.

Tangu hapo naangalia mambo ya mitandao kwa jicho lile, na kila mwaka unanithibitishia. Oktoba 4, 2021, kuanzia karibu saa moja kasoro jioni ya kwetu mpaka usiku sana, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja dunia nzima, kwa sababu ya mabadiliko yaliyokosewa kwenye mitambo ya kampuni yenyewe. Mtu anakwambia, "Mimi nimejipanga, nipo sehemu tatu." Mwenye nyumba ni mmoja! Facebook iliinunua Instagram mwaka 2012 kwa dola bilioni 1 na WhatsApp mwaka 2014 kwa dola bilioni 19. Ukigombana naye chumba kimoja, usijihesabu salama kwenye vingine.

Kisha ikaja Jumapili ya Mei 12, 2024. Nyaya mbili za baharini zinazotuletea intaneti, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Dar nzima ikashangaa kuona simu ina bando lakini picha hazifunguki. Nilikuwa na somo la kola siku hiyo. Kwenye kundi la WhatsApp ujumbe ulikuwa unazunguka tu hauendi. Nikafungua daftari, nikatuma SMS, nikawaambia walio karibu waje Tandika na kitambaa cha mazoezi, wa mbali nitawapigia. Tulikata kola mezani, mkono kwa mkono, na walioko mikoani niliwaelekeza kwa simu ya sauti wakiwa na mkasi mkononi. Mwaka uliofuata, Mei, X, ile Twitter ya zamani, ikazuiwa hapa nchini, na waliojenga jina lao kule wakabaki kuhangaika na VPN, programu ya kupitia njia ya pembeni, ambayo nayo tangu Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inataka uisajili. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Kila mtu ana la kusema kuhusu siku zile. Langu kama fundi ni kwamba biashara ambayo mlango wake pekee ni kioo cha simu ilifungwa, na mwenyewe hakuwa na hata orodha ya kujua anadaiwa na nani.

Sasa huko mbele kunaelekea wapi? Mimi nina imani, na naisema kwa sababu sisi Watanzania tumeshaiona ikitokea. Zamani ukiwa mtandao mmoja wa simu, kumtumia pesa wa mtandao mwingine ilikuwa shughuli. Mwaka 2014 kampuni zikaanza kukubaliana, Vodacom ikaingia 2016, na leo mama ntilie anapokea kutoka popote bila kukuuliza laini gani. Machi 2017 tukaruhusiwa kuhama kampuni ya simu na namba yetu ile ile. Namba ikawa yako, unatembea nayo. Mitandao ya kijamii haijafika hapo, lakini njia imeanza kuchimbwa. Mwaka 2018 shirika linalosimamia viwango vya wavuti, W3C, lilipitisha utaratibu unaoitwa ActivityPub, unaowezesha mtandao mmoja kuzungumza na mwingine. Mtandao wa kijamii wa Mastodon unautumia: ukihama seva, yaani kompyuta inayotunza akaunti yako, wafuasi wako wanahamia nawe, ingawa ulichoandika kinabaki nyuma. Threads ya Meta, kampuni yenye Facebook, nayo imeanza kuutumia kwa sehemu. Mtandao mwingine, Bluesky, wana utaratibu wao wenye lengo la namna hiyo hiyo. Na Ulaya, tangu Machi 2024, sheria inawabana wakubwa kama WhatsApp wafungue mlango kwa programu nyingine za ujumbe.

Je, nikwambie uhamie Mastodon leo? Hapana, wateja wa Dar hawapo kule. Nakwambia ujue kwamba siku inakuja ambapo kuhama na watu wako itakuwa jambo la kawaida, na siku hiyo itamkuta aliyezoea kuwajua watu wake kwa majina akiwa tayari. Aliyezoea kuhesabu namba ya wafuasi itamkuta hajui hata mmoja anakaa wapi.

Kuna jambo la pili linalonifanya niamini kwamba kesho ni ya vikundi vidogo vya watu wanaojuana. Siku hizi wateja wananiletea picha za mishono iliyotengenezwa na akili mnemba. Mwezi uliopita bibi harusi mtarajiwa alinitumia gauni la kitenge, zuri kweli. Nikaikuza picha. Kiunoni ua la kitenge limepita kutoka kifuani hadi kwenye sketi bila kukatika, wakati sketi ni ya kupanuka na kifua kimebana. Kitambaa hakiwezi kufanya hivyo bila mshono, na mshono haupo. Mgongoni hakuna zipu wala vifungo. Mkono wa kulia una mikunjo saba begani, wa kushoto hauna mkunjo wowote. Aliyevaa aliingiaje? Nilikaa naye, nikamchorea kinachowezekana, nikampima, akaondoka amefurahi. Lakini ukurasa ulioposti ile picha una watu wengi kuliko niliowahi kuwa nao mimi, na wote wanaamini kuna fundi mahali aliyeishona. Picha hizo zitazidi kuongezeka. Na kadiri zinavyoongezeka, ndivyo mtu atakavyomtafuta fundi anayemfahamu, au anayefahamiwa na shoga yake, amuulize: wewe umeishona mwenyewe?

Ndiyo maana nawasihi, na nitawasihi tena: waandikeni watu wenu. Ukipata mteja, mwandike. Akikuuliza bei, mjibu, kisha muombe ruhusa umwandike. Nasisitiza ruhusa, kwa sababu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kazi Mei 2023, na namba ya mtu ni mali yake. Mwambie unaichukua kwa kazi gani. Akikataa, heshimu. Usimuunge kwenye kundi bila kumuuliza, usimpe mwenzako orodha, usiiuze hata ukiwa na njaa. Nimeona watu wanauziana namba za wateja waziwazi, na nasema wazi kwamba huko ni kuwaibia waliokuamini.

Na usiogope kuwa na watu wachache. Wasichana wengi wananiandikia kwa unyonge kwamba wana wafuasi mia mbili tu. Mia mbili! Mzee wangu alisomesha watoto wake kwa wateja waliotosha kwenye daftari moja. Wajue mia mbili hao. Jua nani ana harusi Desemba, nani amejifungua na vipimo vyake vimebadilika, nani mguu wa cherehani unamsumbua. Mpigie mtu simu bila kumuuzia kitu. Kuunganika na watu ni kazi, nayo ina jasho lake, na wanaotaka kulikwepa hilo jasho ndio wanaonunua wafuasi wa bandia kisha wanakaa wanasubiri oda.

Dada wa Mbagala, kwako basi. Posti Instagram na TikTok, zote mbili, kwa sababu ndiko wanawake wa hapa mjini wanakotafuta mishono kwa sasa. Weka kazi uliyoishona mwenyewe, igeuze tuione upande wa ndani, tuone ulivyomalizia pindo. Mwisho wa video waambie wakutumie ujumbe wakitaka kujifunza, na kila anayetuma, baada ya kukuruhusu, aingie kwenye daftari na siku aliyokuja. Kila mwisho wa mwezi zipige picha kurasa zote, uzihifadhi kwenye barua pepe yako na kwenye simu ya mtu wa nyumbani unayemwamini, kwa sababu masika yakiingiza maji kwenye fremu, karatasi ndiyo ya kwanza kuharibika.