Jibu: Msamiati wa kila siku, sarufi na kitabu cha hadithi katika Kiingereza cha kidato cha pili

Mwalimu mwenzetu aliyeanzisha uzi huu ameeleza kwamba amepangiwa Kiingereza cha kidato cha pili, mkondo wenye wanafunzi zaidi ya 70, na kwamba shule yake ina nakala tisa tu za kitabu cha hadithi. Idara imemtaka aandike ubaoni maneno mapya kumi kila siku, afundishe sarufi kwa kufuata azimio la kazi, na kitabu kisomwe Ijumaa. Kwa kuwa kipindi ni cha dakika 40, anauliza apunguze nini. Nimefundisha somo hili katika vidato vya chini kwa miaka mingi, karibu yote katika shule za kata, na ushauri wangu ni kwamba kitabu kitolewe Ijumaa kiwe kazi ya kila siku, msamiati na sarufi vichumwe humo humo kitabuni, na ile orodha ya maneno kumi iachwe.

Nianze na orodha, kwa sababu ndiyo inayokula muda bila kurudisha kitu. Maneno huokotwa kwenye kamusi au kwenye kitabu cha kiada, hayahusiani yenyewe kwa yenyewe, na kila moja huandikiwa maana yake ya Kiswahili pembeni. Mwanafunzi hunakili, hukariri usiku, hupata alama nzuri kwenye jaribio la mwisho wa juma, na juma linalofuata ukimwuliza anakutazama tu. Neno la lugha ya kigeni hukaa kichwani pale mwanafunzi anapokutana nalo mara nyingi katika sentensi mbalimbali, na hasa pale anapolihitaji ili aseme jambo analotaka kulisema. Maneno kumi kwa siku ni hamsini kwa juma, na hakuna mwalimu mwenye nafasi ya kuyarudia hamsini yote wakati hamsini mengine yanasubiri mlangoni.

Kwa hiyo yafanye matano. Idadi hii ina sababu yake. Utafiti wa Hu na Nation uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba msomaji anahitaji kuyajua takribani maneno 98 kati ya kila maneno 100 ya hadithi ili aielewe vizuri bila msaada. Ukurasa wa kitabu chepesi cha hadithi wenye maneno kama 250 unaweza basi kubeba maneno magumu matano hivi, na zaidi ya hapo mwanafunzi anaacha kusoma hadithi na kuanza kufumbua mafumbo. Chukua ukurasa utakaosomwa kesho, mpe mwanafunzi wa kawaida, wala si yule wa kwanza darasani, apige mstari chini ya kila neno asilolijua, nawe utaona mara moja kama kitabu kinawafaa. Akipiga mistari ishirini na tano, kitabu hicho ni cha kusomewa na mwalimu, na kuwapa wakasome peke yao nyumbani ni kuwakatisha tamaa.

Katika hayo ishirini na tano, si yote yanayostahili jasho lako. Neno kama "bonnet" au "tyre" linamalizwa kwa mchoro wa chaki. Yanayostahili kukaa ubaoni juma zima ni yale yatakayojitokeza tena katika kila kitabu na katika kila somo: "refuse", "instead", "afford", "suddenly", "allow". Orodha ya maneno ya Kiingereza yanayotumika zaidi aliyoichapisha Michael West mwaka 1953 ina maneno ya msingi yapatayo 2,000, na wengi wa wanafunzi wetu wa kidato cha pili bado hawajayamaliza. Hakuna haja ya kuwarukisha kwenye maneno ya mapambo ilhali haya hawanayo.

Kila neno pia lina wenzake linaotembea nao, nao wanafunzi wanapaswa kulijua likiwa na wenzake hao. Hapa Kiswahili kinatusaidia sana. Waulize wanafunzi kwa nini tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga deki na tunapiga kura, na kama katika yote hayo kuna mtu anayepigwa. Watacheka, kisha watakubali kwamba ndivyo tunavyosema, basi. Baada ya hapo hawashangai tena kwamba Kiingereza kinasema "make a mistake" na "do homework", na kwamba vitenzi hivyo viwili havibadilishani nafasi ingawa sisi kote tunasema kufanya. Waandike kwenye daftari la msamiati kifungu kizima na sentensi moja kutoka kitabuni, pamoja na namba ya ukurasa, ili akisahau ajue pa kurudi.

Sasa sarufi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayofaidika zaidi na kitabu. Muhtasari hutupa mada, lakini haumkatazi mwalimu kuichukua mifano yake kwenye hadithi wanayoisoma. Tuseme mada ni wakati uliopita timilifu, na kwenye hadithi kuna sentensi ya namna hii: "By the time the bus reached Chalinze, the rain had washed the road away." Mwalimu akianza na kanuni ya "had" na umbo la tatu la kitenzi, nusu ya darasa inamwacha hapo hapo. Mimi huanza kwa kuuliza tukio lipi lilitangulia, basi kufika au barabara kusombwa. Kisha nawaomba waniambie jambo hilo kwa Kiswahili, nao bila kufundishwa na mtu wanasema: "Basi lilipofika Chalinze, mvua ilikuwa imeshaisomba barabara." Tayari wanayo maarifa ya kutenganisha matukio mawili yaliyopita, moja likiwa nyuma ya jingine, kilichobaki ni kuwaonyesha Kiingereza kinaitumia "had" kufanya kazi inayofanywa kwetu na "ilikuwa ime-". Wanatafuta sentensi nyingine za aina hiyo kwenye ukurasa uleule, kila mmoja anaandika yake kuhusu asubuhi yake, kwa mfano kwamba alipofika shuleni kengele ilikuwa imeshalia, na mwisho kabisa ndipo kanuni inaandikwa, tena kwa maneno yao.

Tahadhari moja katika kulinganisha lugha, kwa sababu inawapoteza hata wanafunzi wazuri. Kiambishi "-me-" mara nyingi hulingana na wakati uliopo timilifu wa Kiingereza, lakini kwa vitenzi vya hali hakilingani. Tunaposema mtoto amelala, amesimama au amevaa shati jekundu, tunaeleza hali aliyo nayo sasa, na Kiingereza husema "is asleep", "is standing", "is wearing". Mwanafunzi anayeandika "the passenger has slept" akimaanisha abiria ambaye bado yuko usingizini hajazembea. Amefuata mantiki ya lugha yake kwa uaminifu. Akielezwa hivyo, anajirekebisha haraka kuliko akipigiwa mstari mwekundu na kuambiwa arudie sentensi mara ishirini.

Jambo jingine linalodhihirika vizuri zaidi kwenye hadithi ni "he" na "she". Kiswahili humtaja mwanamume na mwanamke kwa kiambishi kimoja, "a-", kwa hiyo mwanafunzi hana mazoea ya kujiuliza jinsia ya mtu kila anapomtaja. Kitabu cha Richard Mabala, Hawa the Bus Driver, kinafaa sana hapa. Dereva ni mwanamke, ilhali wanafunzi wengi wamezoea kuona wanaume kwenye usukani wa basi, na matokeo yake kosa hujitokeza mara mbili mbili, kwa sababu ya lugha na kwa sababu ya mazoea. Gawa darasa: upande mmoja usimulie tena sura kuhusu Hawa, upande wa pili usimulie kuhusu mwanamume yeyote anayejitokeza katika sura hiyo, kila mtu sentensi moja, kwa mfululizo. Wanaanza kusahihishana wenyewe kabla mwalimu hajafungua mdomo. (Hakikisha tu kwamba kitabu unachochagua kimo katika muhtasari unaotumika sasa, maana orodha hubadilishwa.)

Nakala tisa kwa wanafunzi sabini na kitu ni tatizo la kweli, lakini halizuii kusoma kila siku. Mwalimu asome kwa sauti, kwa mwendo wa kawaida na kwa hisia za hadithi yenyewe, ukurasa mmoja au mmoja na nusu, huku kila nakala ikizungukwa na kundi la wanafunzi wanane hivi. Aya moja muhimu iandikwe kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila na kubandikwa ukutani, ibaki pale juma zima. Hiyo ndiyo aya ya kurudia msamiati na sarufi, na hata aliyekaa nyuma kabisa anaiona. Sipendi utaratibu wa kumsimamisha mwanafunzi mmoja mmoja asome aya ambayo hajawahi kuiona, wenzake wakisubiri ajikwae. Anayesoma hivyo haelewi anachosoma kwa sababu akili yake yote iko kwenye matamshi, na wanaomsikiliza wanasikia Kiingereza kilichokatikakatika. Akiisoma baada ya mwalimu kuisoma, na baada ya kundi kuisoma pamoja kwa sauti ya chini, huyo anasoma kweli.

Kazi ninayoithamini kuliko zote, na ambayo ningeomba mwenzetu aijaribu kabla ya nyingine yoyote, ni imla ya makundi. Tayarisha kifungu cha sentensi nne au tano kinachofupisha kilichosomwa jana, ukiingiza ndani yake yale maneno matano na ile mada ya sarufi. Kisome mara ya kwanza, wanafunzi wasikilize tu, kalamu zikiwa chini. Kisome mara ya pili kwa mwendo uleule wa kawaida, nao waandike maneno machache wanayoyadaka, kwa kuwa hawatawahi kuandika yote. Kisha makundi yakijenge kifungu upya kwa Kiingereza sahihi chenye maana ileile, hata kama maneno si yaleyale. Tembea katikati yao usikilize. Utamsikia mmoja akisema ni "reached", mwingine akisisitiza ni "had reached", wa tatu akiwauliza basi lilifika kwanza au mvua ilinyesha kwanza, na hapo wanajadili sarufi kwa sababu wanaihitaji. Andika ubaoni kifungu cha kundi moja, darasa zima lirekebishe, halafu onyesha cha kwako. Zoezi zima huchukua kama dakika 25, na ndani yake mna kusikiliza, msamiati, sarufi, kuandika na marudio ya hadithi. Halihitaji nakala hata moja ya ziada.

Kuhusu kutumia Kiswahili ndani ya kipindi cha Kiingereza, najua baadhi ya wachangiaji hapa watapinga. Wanafunzi wetu wengi wamesoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili, na kidato cha kwanza wakakuta karibu kila somo limegeuka Kiingereza. Ripoti ya Criper na Dodd ya mwaka 1984 ilikwisha kueleza kwamba Kiingereza cha wengi wa wanafunzi wa sekondari hakikutosha kujifunzia masomo mengine, na mradi uliofuata, uliofadhiliwa na Uingereza, ukachagua kupeleka shuleni vitabu vyepesi vya hadithi kuwa sehemu kubwa ya dawa. Niliwahi kufanya kazi katika shule ambayo aliyesikika akisema Kiswahili alivishwa kibao shingoni hadi amkamate mwenzake wa kumvisha. Nilichokishuhudia kilikuwa ukimya: wenye Kiingereza kidogo waliacha kuzungumza kabisa, mpaka saa ya mapumziko. Dakika mbili za Kiswahili zinazofungua maana ya sentensi ngumu zinalinda dakika 38 za Kiingereza kinachoeleweka, na sioni aibu yoyote kuzitumia.

Usahihishaji wa madaftari sabini nao unatisha, hivyo kila siku omba sentensi tatu tu, na sahihisha ile mada ya juma peke yake. Ukipiga wino mwekundu kila kosa, mwanafunzi haoni lipi aanze nalo. Marudio ya maneno yafanyike mwanzoni mwa kipindi, dakika tano: mawili ya jana, mawili ya juma lililopita, moja la mwezi uliopita, kila moja ndani ya sentensi kuhusu hadithi. Idara ikidai ushahidi wa maneno kumi, waonyeshe daftari la msamiati lenye vifungu, sentensi na kurasa, na waalike waje wawaulize wanafunzi wenyewe.

Kwa upimaji wa kidato cha pili, usisubiri muhula wa mwisho ndipo uwape maswali ya kitabu. Kila sura ikiisha, waandike aya moja inayojibu kwa nini mhusika alifanya alichofanya, wakitaja tukio moja la kuthibitisha. Mwanzoni zitakuwa aya fupi zenye makosa mengi, nawe sahihisha kwanza hoja na tukio, sarufi baadaye. Kwa juma la kwanza tumia sura moja tu, uliyokwisha kuisoma mwenyewe mara mbili na kuichagulia maneno, aya ya ukutani na kifungu cha imla. Ukishaona inachukua vipindi vingapi kwa darasa lako, ndipo upange ratiba ya kitabu kizima.