Jibu: Minyoo iliyojikunja kwenye ini la samaki wa baharini

Habari mkuu. Nimekusoma: umepasua samaki, ukakuta minyoo myeupe imejikunja juu ya ini, mmoja umo kwenye nyama ya tumbo, na unauliza kama limau na chumvi vitatosha au utupe samaki mzima.

Usimtupe kwanza. Kwa maelezo yako hao ni lava (minyoo wachanga) wa Anisakis, mnyoo kimelea wa samaki wa baharini: sentimita 2 hadi 3, kila mmoja amejiviringa kama springi ya saa. Inua mnofu mbele ya taa kali, hasa sehemu ya tumbo, uwatoe kwa ncha ya kisu. Wengine hujificha ndani ya nyama, kwa hiyo usiishie hapo.

Limau na siki usivitegemee kabisa. Nimemwona mnyoo huyo akijinyonganyonga ndani ya siki kama hakuna kitu. Pika hadi katikati ya nyama pafike nyuzi 63 za Selsiasi, au gandisha kwa nyuzi -20 siku 7 (friza nyingi za nyumbani hazifiki hapo, pima).

Samaki mwingine mtoe matumbo mapema, maana akishakufa lava wanaweza kuhamia kwenye nyama.

Ila ukila ukavimba midomo au kuwashwa, nenda hospitali. Mzio huletwa hata na mnyoo aliyekwisha kufa.