Picha za Kale Zilizoota Madoa

Swali: Marehemu babu aliniachia litografia mbili zenye fremu, za kasri la kisiwa cha Isola Bella, Italia. Hapa Mji wa Kale zimeota madoa ya kahawia. Je, ni halisi, na nizitunzeje?

Jibu: Pole, ndugu msomaji. Litografia, ufundi uliobuniwa na Alois Senefelder mnamo 1796, huchapwa kutoka kwenye jiwe lililochorwa kwa kalamu ya mafuta, hivyo kwa kioo cha kukuzia utaona chembe zilizotawanyika kama za chaki, ilhali nakala nyingi za kisasa huonyesha vidoti vilivyojipanga safu safu. Madoa hayo, ambayo naomba usiyasugue kamwe, huchochewa na unyevu wetu wa pwani na ubao wenye asidi nyuma ya picha. Fundi wa fremu aweke kadi isiyo na asidi na kuacha nafasi kati ya karatasi na kioo.