Aljebra ya TMUA: mkono wako mwepesi kiasi gani?

Vijana kadhaa hapa Lamu wananiuliza kuhusu TMUA, ule mtihani wa hesabu unaotakiwa na vyuo vya Uingereza kama Cambridge na Imperial, na karibu wote swali lao ni moja, eti nisome topiki gani mpya. Mimi niliufanya, na jibu langu halijabadilika: topiki mpya ni chache tu, kazi iko kwenye aljebra ya sekondari ambayo unaijua sana lakini mkono bado mzito.

Ziko pepa mbili, kila moja maswali 20 kwa dakika 75, yaani hata dakika nne kwa swali hazitimii, na kalkuleta haingii. Sisi tuliozoea KCSE ambapo kalkuleta inaruhusiwa hapo ndipo jasho linapotoka. Kwa hiyo kuanzia leo ifungie kabatini kabisa, hata ukitaka kujua 17 mara 14 fanya kwa kichwa.

La pili, usikimbilie kufungua mabano. Angalia umbo kwanza. Ukiona 1003² − 997² na ukaanza kuzidisha, umekwisha, maana hiyo ni tofauti ya miraba miwili tu: 6 mara 2000, 12000, mbele. Ama 4ˣ − 6·2ˣ + 8 = 0, inatisha kwa macho lakini 4ˣ ni mraba wa 2ˣ, ita 2ˣ herufi y, unapata (y − 2)(y − 4) = 0, basi x ni 1 au 2. Maswali yao mengi yako hivyo, yamevalishwa buibui tu.

Sasa hapa watu wengi wanaanguka, nisikilizeni vizuri. (x + 1)/(x − 2) > 3. Mtu anazidisha pande zote kwa x − 2, anapata x < 3.5, anachagua jibu (na lipo pale kwenye machaguo, wamemtegea makusudi) kisha anaenda swali lingine roho safi. Jaribu x = 0 basi: unapata −1/2, ambayo wallahi si kubwa kuliko 3. Hujui x − 2 ni chanya ama hasi, na ikiwa hasi ile alama inageuka. Zidisha kwa (x − 2)², hiyo haiwi hasi kamwe, kisha usifungue mabano, leta vyote upande mmoja, toa (x − 2) nje, ubaki na (x − 2)(7 − 2x) > 0, jibu ni kati ya 2 na 3.5.

Pepa ya pili ni mantiki zaidi, "ikiwa hivi basi vile", wanakupa uthibitisho wenye kasoro utafute mstari uliobomoka. Hiyo ina somo lake siku nyingine.

Mitihani ya nyuma kuanzia 2016 iko bure mtandaoni. Usiimalize yote mapema, weka ya miaka ya karibuni uifanye kwa saa kamili wiki za mwisho. Na usiache swali wazi hata moja, jibu baya halikatwi maksi.

Ah, na kituo. Mtihani ni wa kompyuta, si shuleni kwako, angalia mapema kiko mji gani maana sisi ni boti hadi Mokowe halafu basi, usipange kufika asubuhi ile ile.