Jibu: Utandawazi ni nini na unatugusaje?
Mkuu, kwa kifupi ni bidhaa, mitaji, watu na habari kuvuka mipaka kirahisi, hadi uamuzi wa mbali unakugusa mfukoni. Ulivyouliza unamgusaje mtu wa kawaida, chukua mitumba. Belo linafunguliwa pale soko la Karume, Dar es Salaam, shati unalipata kwa bei ya chipsi, fundi cherehani wa mtaani kwako anabaki kupunguza suruali na kubadilisha zipu. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba taratibu. Marekani ikatishia kuzinyima nafuu ya AGOA, mpango wake wa kuruhusu bidhaa za Afrika ziingie kwake bila ushuru. Nchi nyingine zikarudi nyuma, Rwanda ikakaza, na 2018 nguo zake zikapoteza msamaha wa ushuru kule. Sasa usikimbilie kulaani, maana hao wachuuzi wa Karume nao wanasomesha watoto kwa belo hilohilo.