Waya wa waifai: Cat6 ya bei chee au Cat5e ya fundi?

SWALI: Habari kaka fundi. Nina lodge ndogo hapa Sinza, nataka kufunga akses pointi 4 (vile vifaa vya kurusha waifai) za kwenye dari, zile zinazopokea umeme humohumo kwenye waya wa netiweki. Fundi wangu kasema ninunue waya wa netiweki aina ya Cat5e, nimefika Kariakoo naambiwa Cat5e imepitwa na wakati chukua Cat6, tena hiyo Cat6 yao bei iko chini kuliko ya fundi! Nani ananipiga hapa?
Mama Lodge, Sinza

JIBU: Dada yangu, ukiona Cat6 bei chini kuliko Cat5e jua hapo kuna alumini. Zipo waya ndani alumini, juu wamepaka kopa (shaba) kidogo tu, nyingine zimeandikwa CCA kwenye ganda na nyingine hawaandiki kabisa. Muombe muuzaji akukatie kipande, menya, shika uzi mmoja ukwangue na wembe: ukiwa mwekundu mpaka ndani ni kopa, ukitoa weupe mrudishie waya wake. Na boksi la mita 305 linyanyue, la kopa lina uzito wa maana.

Nakomalia kopa kwa sababu akses pointi zako zinakula umeme kupitia huohuo waya. Alumini ina ukinzani mkubwa, volti zinashuka njiani, waya unapata joto, na juu ya dari kwa joto la Dar mwezi wa pili we fikiria mwenyewe. Mchana utaona iko fresh, usiku wageni wakijaa akses pointi inazidiwa inajizima inajiwasha, halafu lawama zote anabeba mtu wa intaneti.

Hiyo ya kupitwa na wakati ni maneno ya biashara. Cat5e ya kopa inabeba spidi ya giga 1 kwa sekunde mpaka mita 100, hata giga 2.5 za akses pointi mpya inabeba, sasa bando la lodge yako ni la spidi ya mega ngapi? Ila kama hela inaruhusu chukua Cat6 ya kopa, kwa kawaida nyuzi zake ni nene kidogo, na kufumua dari baadaye ni gharama kuliko hiyo tofauti ya bei. Cat6A, ile ya juu ya Cat6, achana nayo, nene na ngumu kukunja kwenye kona.

Kama kuna inayotoka nje kwenda kwenye bustani nunua ya nje, ganda jeusi la kuhimili jua. Waya za foili, zile zilizozungushiwa karatasi ya chuma ndani ya ganda, kama huna eathi usijisumbue nazo.

Fundi asipitishe paipu moja na nyaya za umeme, na dari lisifungwe mpaka akses pointi zote ziwashwe na zifanye kazi usiku mzima. Kale katesta kake ka vitaa 8 kanaonyesha tu nyuzi zimeungana, kopa na alumini kwake ni kitu kimoja.