Debe la mahindi, kuku wa wajane na sanduku la kufuli tatu

Maswali ya safari hii yametoka kwa mashirika madogo ya Tanzania, yale yenye ofisi ya chumba kimoja yanayoshughulikia elimu, kipato na afya kwa pamoja. Tumeyafupisha.

Wazazi wa shule yetu walikubaliana kutoa debe moja la mahindi kwa kila mtoto, shirika letu linatoa maharage. Mwaka huu kila mtu alitoa, lakini chakula kiliisha Septemba na mtunza stoo anaitwa mwizi. Tufanyeje? (Kondoa)

Kabla ya kumshuku mtunza stoo, pigeni hesabu. Mtoto wa shule ya msingi mpimieni kama gramu 120 za mahindi makavu kwa mlo mmoja, na gramu 30 za maharage. Mwaka wa masomo una siku 194. Hiyo ni kilo 23 na ushee za mahindi kwa mtoto, na karibu kilo 6 za maharage. Debe la lita 20 lililojazwa kwa kilemba, hadi kufanya kichuguu juu, lina kilo 18 hivi, yaani siku 150. Hata panya wasipogusa punje, jiko litazima siku 44 kabla ya mwaka kwisha. Na mwaka ambao mzazi mmoja kati ya watano hakuleta, mtaishia siku ya 120.

Katika mkutano ujao wa kijiji acheni kusema debe, semeni kilo 25, na mizani iwepo mlangoni. Asiye na mizani apime debe moja na sado (kopo la lita nne) mbili; ziada ya kilo mbili hivi ni ya pumba, wadudu na wageni ambao hawakosekani.

Jambo la pili ni tarehe ya kukusanya. Mashirika mengi huanza kampeni Januari kwa sababu ndipo shule zinapofunguliwa. Januari mahindi ni ghali na ghala la mzazi limebaki vumbi. Mwaka wenu wa chakula uanze mara baada ya mavuno, Julai hadi Juni inayofuata. Mzazi yuleyule aliyewakwepa Januari atatoa Julai bila kusukumwa.

Tahadhari yake ni unyevu. Mahindi ya kuwahi huingia stoo hayajakauka, na huko ndiko sumukuvu inakoanzia. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na kupika hakuiondoi. Pimeni hivi: chupa kavu ya kioo, kiganja cha mahindi, vijiko viwili vya chumvi kavu. Funga, tikisa dakika moja, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yarudi kwenye turubai juani. Punje zenye ukungu zikataliwe palepale mbele ya mwenyewe, zisichanganywe "kwa sababu ni kidogo". Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita na ufagio. Mkiwa na fedha za mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, inunueni kabla ya kununua sufuria jipya.

Maharage yalowekwe usiku kucha. Kuni zitapungua sana. Na mtoto ambaye mzazi wake hakuchangia ale kama wenzake. Deni la mzazi lifuatiliwe na serikali ya kijiji, lisifuatiliwe kwa sahani ya mtoto.

Tuliwapa wajane 40 kuku watano watano wa kienyeji. Ndani ya miezi minne karibu wote walikufa: kinyesi cha kijani, shingo kupinda, vifo vya ghafla. Wafadhili wanasema wanawake hawakuwatunza. (Singida Vijijini)

Hizo ni dalili za mdondo, wengine huuita kideri. Utunzaji mzuri peke yake hauuzuii, na ukishaingia bandani hauna tiba. Kinachouzuia ni chanjo ya matone ya I-2, tone moja kwenye jicho la kila kuku, mkubwa kwa mdogo, ikirudiwa kila baada ya miezi mitatu. Pangeni raundi moja iangukie mapema kiangazi, maana mlipuko hupenda kuja miezi ya ukavu kabla ya mvua.

Mradi wa kuku huharibiwa na mpangilio mbaya. Kuku wananunuliwa mnadani, kila mmoja katoka banda lake, wanachanganywa kwenye tenga moja na kugawiwa siku hiyohiyo. Mkifanya hivyo mmegawa ugonjwa. Chanjeni kwanza kuku waliopo kijijini, pamoja na wa majirani wasio wajane. Wapya watengwe na kuchanjwa, wakae wiki mbili ndipo wagawiwe. Anayeonekana mgonjwa asichanjwe kwa matumaini. Chanjo haimwokoi, na mkono uliomshika unabeba virusi kwenda kwa wenzake.

I-2 inavumilia joto kuliko chanjo nyingine, lakini haivumilii jua. Ibebwe ndani ya kitambaa kibichi, kivulini, na ikishafunguliwa itumike siku hiyo. Chupa moja inatosha kuku wengi kuliko wa kaya moja, kwa hiyo chagueni siku moja ya kitongoji kizima, alfajiri kabla kuku hawajatoka. Mchanjaji awe mwanakijiji aliyefundishwa na afisa mifugo, alipwe senti kidogo kwa kila kuku. Chanjo ya bure inakoma siku gari la mradi linapokoma. Ya kulipia inaendelea.

Siku ya kugawana akiba kwenye kikoba chetu (kikundi cha kuweka na kukopa) sanduku lilikuwa na nusu ya fedha. Hakuna aliyeiba, nusu ipo kwa wakopaji. Tumegombana. (Muheza)

Mlikopesha hadi mwisho. Mikopo yote irudi wiki nne kabla ya mgawo, na mkopo wa mwisho utolewe mapema vya kutosha ili urudi kwa tarehe hiyo. Anayedaiwa bado siku ya mgawo, deni likatwe kwenye hisa zake kwanza. Ndiyo maana mkopo usizidi mara tatu ya akiba ya mtu, nasi tungependelea mara mbili kwa kikundi cha mwaka wa kwanza.

Hesabu yenyewe ni fupi. Tuseme mna hisa 2,400 za shilingi 2,000. Mlizoweka ni 4,800,000. Pamoja na riba na faini, sanduku lina 5,520,000. Gawa kwa 2,400: kila hisa sasa ni shilingi 2,300. Mwenye hisa 120 aliweka 240,000, anaondoka na 276,000. Mfuko wa jamii, ule wa misiba na wagonjwa, uhesabiwe mbali kabisa. Vikundi vingi huuchanganya humo, kisha hesabu inagoma na mtu anatuhumiwa.

Funguo tatu zikae kwa watu watatu wasio viongozi wala ndugu, na sanduku kwa mtu wa nne asiye na ufunguo. Fedha ihesabiwe kwa sauti mbele ya wote, mwanzo na mwisho wa kila kikao. Na jisajilini halmashauri: kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 kikundi kama chenu kinatakiwa kusajiliwa.

Tuwanunulie wasichana taulo za kike za kutupa au za kufua?

Angalieni maji ya shule kwanza. Taulo ya kufua inataka maji, sabuni na kamba yenye jua. Msichana anayeianika chini ya godoro kwa aibu anavaa kitambaa kibichi, na muwasho utafuata. Kama shule haina maji wala chumba cha kubadilishia chenye komeo, leteni za kutupa pamoja na shimo la kuchomea, la sivyo zitajaza choo mwaka uleule. Gharama ni hii: pakiti mbili kwa mwezi, wasichana 100, miezi kumi, ni pakiti 2,000, na mwaka ujao 2,000 nyingine. Mkilinganisha na tenki la maji na chumba kimoja, huenda mkabadili bajeti nzima. Hesabuni na matundu ya choo pia. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20, kwa wavulana 25.

Shirika letu linaweza kuombea vikundi mkopo wa halmashauri?

Kikundi kiombe chenyewe. Mikopo hiyo hutoka kwenye asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ninyi wafundisheni kutunza daftari la mauzo. Andiko mliloandika ninyi likihojiwa na afisa maendeleo ya jamii, mwenyekiti wa kikundi atakosa la kusema. Na kikundi kilichoundwa ili kupata mkopo huvunjika ukishaingia, hivyo anzeni na vile vilivyokwisha kugawana akiba yao angalau mara moja.

Mhudumu wetu wa afya ya jamii ameishiwa ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini. Atumie nini mtoto akiharisha?

Lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikatwe kilemba kwa kisu. Kosa la kawaida ni chumvi: ikizidi inamdhuru mtoto, kwa hiyo mama aonje, isiwe na chumvi kuliko machozi. Itumike ndani ya saa 24, kidogo kidogo kwa kijiko, na mtoto akitapika asubiri dakika kumi aendelee. Aendelee kunyonya na kula. Zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14; chini ya miezi sita ni miligramu 10. Mtoto mwenye macho yaliyozama, asiyeweza kunywa au mwenye damu kwenye kinyesi apelekwe kituoni mara moja, akinyweshwa njiani kama anaweza kumeza.